Nguzo Zilizochipuka Uwanja wa Mabua

Naliaka, Jumamosi iliyopita nilikukabidhi kamba, debe la chokaa, panga, ngazi yenye vidato sita vya kweli na viwili vya kubahatisha, na filimbi isiyo na mbegu ndani. Watu walipiga makofi, mwenyekiti akasoma hotuba akalikosea jina langu mara mbili, nikapewa blanketi. Kila mtu alidhani kazi imekabidhiwa, lakini bado. Kutunza uwanja wa Klabu ya Raga ya Mabua si mambo ya debe na ngazi tu. Kelele za siku ile hazikunipa nafasi ya kukueleza, kwa hiyo nimenunua daftari la kurasa tisini na sita nikakaa chini kuandika.

Mambo ya mshahara hutayapata humu. Kama hayo ndiyo unayotafuta, muulize mweka hazina. Atakujibu akirudi kutoka Kitale.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ya ng'ombe. Klabu hii aliianzisha Mwalimu Barasa, mwalimu wa hesabu aliyerudi kutoka chuoni na mpira wa umbo la yai kwapani, akitangaza kwamba vijana wa huku kwetu Kwanza wamebeba magunia ya mahindi maisha yao yote, kwa hiyo kusukumana kwenye skramu wanakujua tayari, na kilichobaki ni sheria tu. Kilichobaki kingine, ambacho hakukitaja, ni mashine ya kukata nyasi. Mimi nilikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu na kipande kidogo cha shamba alichoniachia mume wangu, kilichopakana na shamba kubwa la Mzee Gathogo. Barasa akaja kunibishia hodi.

"Mama Nasimiyu, tumepata uwanja kwa Guka. Sasa tunataka ng'ombe wako wakuje wakule hiyo nyasi."

"Wakule mpaka wapi?"

"Mpaka ifike kwa kifundo cha mguu. Ikiwa fupi kuliko hapo, vijana watachubuka."

Nimefuga ng'ombe tangu utotoni huko Myanga, lakini sikuwa nimewahi kusikia ng'ombe akipewa kipimo.

Guka ndiye huyo Mzee Gathogo. Familia yake ilitoka Mkoa wa Kati ikanunua mashamba huku zamani, na kijiji kizima, Wabukusu kwa Wakikuyu, tunamwita Guka, babu. Hakutoa uwanja kwa kupenda raga. Alikuwa na shamba kuliko nguvu za kulilima, na aliogopa kwamba shamba likikaa bure siku moja litaanza kuitwa la mtu mwingine. Alitaka watu walitumie bila kulishika. Siku yangu ya kwanza kazini alitusimamisha mimi na Barasa katikati ya nyasi akatupa sheria yake, na hakuwa na nyingine zaidi ya hiyo.

"Mcheze, mkimbie, mvunjane miguu, hiyo ni shida yenu. Lakini hapa hakuna mtu anapanda kitu. Hata terere. Siku nitaona kitu imemea hapa, Jumatatu trekta inaingia."

Wewe umezaliwa juzi, kwa hiyo acha nikueleze kwa nini mzee mzima aliogopa mboga. Karatasi ya shamba hukaa kwenye sanduku, lakini shahidi wa shamba ni mti. Watu wakigombania mpaka, mzee wa mtaa akiitwa kuamua, swali lake la kwanza ni moja tu: huu mti alipanda nani? Mwenye kujibu ndiye mwenye shamba. Guka alishaona watu wakihamishwa na miti ambayo walidhani ni kivuli.

"Na shamba linaishia wapi, Guka?" Barasa akauliza.

Guka akanyoosha fimbo. "Huku chini ni kwa barabara. Hapa kando ni kwa fensi. Na kule juu ni pale kwa yule ng'ombe mwekundu."

Ng'ombe mwekundu alikuwa wangu, Malkia, nimemfunga asubuhi hiyo. Barasa akahesabu hatua mpaka miguuni pa Malkia akachomeka kijiti. Mimi nilikohoa kidogo, halafu nikanyamaza. Mkumbuke huyo ng'ombe, nitarudi kwake.

Kazi yenyewe niliijifunza kwa makosa. Kamba ya katani uliyorithi niliifunga mafundo mimi mwenyewe: fundo kubwa ni nusu ya uwanja, fundo la kitambaa chekundu ni upana wa goli. Usioshe hicho kitambaa, kitapungua. Chokaa ikiisha tumia majivu. Mimi msimu mmoja niliona nina akili kuliko chokaa, nikachora mistari kwa pumba za mahindi kutoka kwa mashine ya posho. Ilipendeza sana. Kipindi cha pili kuku wa Guka walikuja kumi na moja, wakaanza kula mstari wa goli kutoka kona moja, taratibu, na kijana wetu alipotua na mpira refa aliinama akatafuta mstari, akakuta kuku. Alikataa trai, yaani bao letu. Tulilalamika, lakini tungelalamika kwa nani, na kuku hakuvunja sheria yoyote.

Kuhusu kinyesi cha ng'ombe, msimamo wa klabu tangu mwanzo ni kwamba hicho ni sehemu ya uwanja. Timu za wageni husema tunakiweka kwa makusudi upande wao. Si kweli hata kidogo. Mimi nilikuwa nafungua tu ng'ombe upande ambao wageni watakuwa kipindi cha pili. Mengine yote waliamua ng'ombe.

Sasa tuje kwenye nguzo, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nguzo za kwanza zilikuwa mabomba ya chuma, zikakaa majuma matatu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipita kijijini, na Jumatatu tukakuta mashimo manne safi, yaliyochimbwa kwa heshima. Za pili zilikuwa za blugamu, huo mkaratusi. Mchwa walizila kutoka ndani, wakatuachia maganda, na moja ikaanguka yenyewe katikati ya mechi. Refa akatupigia faulo kwa sababu hapakuwa na mgeni karibu wa kulaumiwa.

Ndipo nahodha wetu, Wanyonyi, kijana mrefu mpaka akiingia kwangu alikuwa anainama mara mbili, akasema kwao Myanga kwa mjomba wake kuna dawa ya mchwa. Alirudi Alhamisi juu ya lori la mkaa na miti minne imenyooka vizuri.

"Mayi, hii mchwa haikuli," akaniambia. Wachezaji wote waliniita mayi, mama kwa lugha ya kwetu. "Ni lusiola."

Lusiola ni mti mzuri, sibishi. Ni mti wa nguzo na ni mti wa mpakani, na hapo ndipo wenye akili wangesimama. Mti wa nguzo unabanduliwa magome, unaanikwa, unakauka. Lakini mechi ilikuwa Jumamosi. Barasa akaamuru tuipake rangi nyeupe juu ya magome na tuisimamishe hivyo hivyo. Mimi nikaongeza ujuzi wangu: nikajaza mashimo samadi na majivu ili udongo ushike, na kila Jumatatu nikifua jezi nilimwaga yale maji kwenye nguzo, zamu kwa zamu, udongo ukae imara. Kwa hiyo ukisikia watu wakimlaumu Wanyonyi, waache, lakini wewe ujue. Yeye alileta miti, mimi ndiye niliyeipanda.

Masika yakaingia. Asubuhi moja nilifika uwanjani nikaona kwenye nguzo ya goli la juu kitu kijani, kidogo kama ulimi wa mtoto. Nikazunguka zote nne. Zote zilikuwa zimechipuka. Nilikimbia mpaka shuleni na gumbuti miguuni nikamtoa Barasa darasani.

"Hiyo si majani," alisema tulipofika, akikodoa macho. "Ni rangi imebabuka."

"Mwalimu, rangi nyeupe haibabuki ikawa kijani."

Akakwangua nguzo kwa ukucha. Halafu akauliza, "Guka anapitanga saa ngapi?"

Guka alipita kila Jumamosi saa nne kukagua shamba lake, na fimbo mkononi. Macho yake hayakuwa mazuri kwa mbali, na huo ndio uliokuwa mtaji wetu. Tungesema ukweli siku ile tungeweza kung'oa nguzo mapema na yaishe. Lakini ligi ilikuwa imeanza, nguzo nyingine hatukuwa nazo, na isitoshe, ukishaanza kuficha jambo dogo linakuwa kazi, na sisi tulikuwa watu wa kazi. Machipukizi ya chini Malkia aliyala kwa furaha. Ya katikati niliyakwanyua mimi juu ya ngazi. Ya juu hayakufikika, na Barasa, ambaye hesabu haikumtupa, akapata jibu.

Unaijua lainiauti, pale timu mbili zinapojipanga mistari na mtu anainuliwa juu kudaka mpira uliorushwa kutoka nje. Barasa alihamisha mazoezi ya lainiauti chini ya nguzo. Vijana wawili walimshika Wanyonyi mapajani, wakamrusha juu, naye akiwa juu anakwanyua. Walianza saa kumi na mbili asubuhi, nguzo baada ya nguzo, majani yakizidi wanarudia. Jumamosi moja Guka aliwahi, akawakuta wakiendelea. Wanyonyi, aliposhuka na kiganja kimejaa majani na kaptula isiyo na mfuko, aliyasukuma yote mdomoni.

"Huyo kijana anatafuna nini?" Guka akaniuliza. "Ni miraa?"

"Hapana, Guka. Anaomba. Akiwa juu huwa anaomba."

Guka alikuwa mzee wa kanisa. Alimwita Wanyonyi, akamwekea mkono kichwani, akamwombea kirefu, na Wanyonyi akaitikia amina kwa mdomo uliofungwa. Majani ya lusiola ni machungu. Machozi yalimtoka, na Guka akaniambia hajaona kijana wa siku hizi anayeguswa na maombi namna ile.

Mambo haya tuliyaendesha mwaka mmoja na zaidi. Katika muda huo hakuna timu iliyotuweza kwa lainiauti. Tuliwafunga hata wale wa Kitale mjini, wenye viatu vinavyofanana miguu yote miwili. Kocha wao alimfuata Barasa akamuuliza siri ni nini. Barasa akajibu, "Nidhamu," na hakucheka, nikamheshimu sana.

Kilichotukamata ni mahindi. Msimu wa kuvuna kila mchezaji alienda shambani kwao, mazoezi yakasimama majuma kadhaa, na mimi nilikuwa navuna pia. Tuliporudi, mechi ya kwanza ilikuwa na watu wa Moi's Bridge, siku kubwa, na Barasa alikuwa ameshamwalika Guka awe mgeni rasmi. Nilikwanyua ya chini na ya katikati usiku haujaisha vizuri. Kule juu kabisa sikupatazama. Guka alifika saa nane, akaketi kwenye sofa yangu tuliyombebea mpaka kando ya uwanja, na usoni alikuwa na miwani mipya. Alikuwa ametoka Eldoret kupimwa macho.

Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Tukapata penalti, Wanyonyi akapiga mwenyewe. Mpira ulienda kombo, ukagonga kitu juu ya nguzo, ukarudi katikati, ukapita. Maua ya manjano yakadondoka juu ya watu.

"Mti ndio umefunga!" wakapiga kelele wageni. "Refa, si hiyo ni mti!"

Refa akaenda akatazama juu. Uwanja mzima ukatazama juu. Guka akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mama Nasimiyu," akaniita. "Ile ni nini?"

"Ni nguzo, Guka."

"Nguzo haitoi maua." Akasimama, akaegemea fimbo, sauti ikawa ndogo. Mimi nilizoea kelele zake, na udogo wa sauti ndio ulionitisha. "Niliwaambia hata terere. Mumenipandia mti wa mpaka ndani ya shamba langu, mbele ya macho yangu. Jumatatu trekta."

Akaenda zake. Mechi hatukuimaliza. Barasa alikaa kwenye sofa ambapo Guka alikuwa amekaa, akasema kesho atatuma wazee kumi na jogoo. Nilimwambia jogoo hazuii trekta. Usiku ule nililia, Naliaka, sioni haya kuliandika. Tangu mume wangu afe, kila mtu aliniita mjane wa fulani. Pale uwanjani peke yake nilikuwa mtu mwenye kazi, na wavulana wakubwa wenye mabega mapana waliniogopa nikiwaambia wasikanyage mstari. Na uwanja huo nilikuwa nimeuua kwa samadi na maji ya kufulia.

Jumapili, baada ya kanisa, nilichukua kamba na panga nikaenda kwa Guka. Alikuwa anakunywa chai, hakunikaribisha.

"Guka, nimekuja kukiri, halafu nimekuja kupima."

Nikamweleza yote, samadi, maji, ngazi, mpaka maombi ya Wanyonyi. Hapo kwa maombi aliweka kikombe chini, sikujua ni hasira au ni nini.

"Trekta imeshalipiwa," akasema.

"Sawa. Lakini isikuje kulima kwangu. Twende unionyeshe mahali itaishia."

Tukaenda. Alipofika juu alinyoosha fimbo kama ile siku ya kwanza, halafu nikamwona anatafuta ng'ombe. Malkia siku hiyo nilikuwa nimemfunga kwingine. Fimbo ikabaki hewani.

Nikainama nikakwangua nyasi kwa panga. Chini palikuwa na kisiki cha mkonge. Nikakwangua hatua tano mbele, kingine. Huo ulikuwa mpaka wa zamani waliouweka mume wangu na yule aliyemuuzia Guka, mkonge ulioungua moto kabla klabu haijazaliwa. Visiki vilienda mstari mmoja mpaka kwenye fensi. Nikatandaza kamba kutoka kwenye visiki mpaka nguzo za juu. Hatua kumi na nne. Siku ile ya kwanza Malkia alikuwa amesimama ndani ya shamba langu, na goli zima la juu, nguzo, mstari na mahali pa kufungia trai, vilikuwa kwangu. Guka alilinda pande tatu za shamba lake kwa fimbo. Upande wa mjane hakupima.

"Haiya," akasema. Akakaa kwenye nyasi. "Miaka hii yote ulikuwa unajua?"

"Tangu ile siku ya ng'ombe."

"Na ukanyamaza."

"Ng'ombe zangu zilikuwa zinakula nyasi yako kila siku, Guka. Ningesema, zingekula wapi?"

Alinitazama kwa ile miwani mipya. "Kwa hivyo wewe umekuwa ukiniibia nyasi."

"Na wewe umekuwa ukiniibia trai."

Alianza kucheka kwa pua, akazuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaomba nimshike mkono asimame. Nikamwambia mzee wa mtaa sitamwita, kipande changu watoto waendelee kukichezea, naye afanye moyo wake unavyomwambia na kipande chake. Trekta ilikuja Jumatatu ikaenda kulima ng'ambo ya barabara. Nguzo mbili za chini, zilizokuwa kwake kweli, tuliziondoa tukaweka zilizokauka na kubanduliwa. Za juu zilibaki, kwa sababu mti uliomea kwangu ni wangu. Ndiyo maana goli la juu hutoa maua na kila mwaka linazidi kuwa jembamba, na ndiyo maana ukiona nahodha wetu ameshinda kura ya kuanza, hachagui kupigia juu.

Guka aliniomba kitu kimoja. "Hiyo maneno ya ng'ombe usiambie mtu. Mimi ni mzee wa kanisa." Niliahidi sitasema, na sijasema. Kuandika hatukukuzungumzia. Lakini bado ana miwani, kwa hiyo daftari hili usiliache stoo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mwaka jana wanawe walikuja kutoka Nairobi na mpimaji na tepe, wakaweka vigingi vyenye utepe mwekundu kutoka barabarani mpaka katikati ya uwanja. Wanataka kukata ploti. Guka aliwapikia mbuzi, akawasindikiza. Walipoondoka nilikuta vigingi vyote viko kwenye zizi la Malkia. Sijui nani aliviweka, lakini Malkia hakuwa na mikono.

Halafu masika haya yaliyopita, kamba yangu ilipotea stoo. Niliitafuta siku mbili. Siku ya tatu nikaenda uwanjani mapema, nikamkuta Guka upande wa chini, amepiga magoti, udongo mpaka kwenye viwiko, kamba yangu imetandazwa chini. Nyuma ya nguzo zile kavu, ambazo mchwa wameshazianza tena, palikuwa na miche miwili imezungushiwa miiba. Nilijua majani yale kabla sijafika. Umbali kutoka mche mmoja hadi wa pili ulikuwa fundo la kitambaa chekundu, upana wa goli sawasawa.

"Guka, nani amepanda hii?"

"Mimi. Shamba ni langu, napanda chenye nataka."

"Na mbona umepima upana huo?"

"Upana gani?" Akajifuta mikono. Akainama kusukuma mwiba, bila kunitazama. "Mimi nikienda, hawa watoto watakuja na karatasi. Watauliza hii miti nani alipanda. Uwaambie ni mimi."

"Na wakiuliza ni ya nini?"

"Waambie wapime."

Basi hiyo ndiyo kazi, Naliaka. Kwenye miti ya juu endelea kukwanyua machipukizi ya chini, yanaziba. Ile miche ya chini usiikwanyue hata jani moja. Sasa imenifika kiunoni. Kila mche debe moja la maji jioni, si maji ya sabuni, na samadi iliyolala. Malkia alishakufa, lakini mjukuu wake ana tabia zile zile, usimfungue upande ule. Mimi nina magoti mabaya, na Guka siku hizi hulala kanisani kabla ya mahubiri kuanza. Wakija na karatasi zao na sisi wawili tukiwa hatupo, wapeleke pale, watandazie kamba mti hadi mti, halafu uwaambie alipanda baba yao.